Dakika Mia Tano Themanini na Tano

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lenye mguu uliofungwa waya, kati ya gereji na cherehani, na chupa moja ya kahawa inayonywewa na wote. Asubuhi hiyo walikuwapo watatu: Spana, fundi wa magari, Pindo, mshonaji, na Desimali, mwalimu mstaafu wa hisabati, ambaye hata sukari huikoroga mara kumi na mbili, si zaidi. Leo alikoroga mpaka kahawa ikapoa. Jana binti yake, mtafiti katika chuo cha hapahapa mjini, alimpigia kumweleza kwamba nyuzi zake zimevunjika tena tanurini; naye, badala ya kumpa pole, akamkokotolea asilimia. "Baba, sikukupigia unipe hesabu," binti akasema, akakata simu. Leo binti anachoma nyuzi nyingine, na baba mtu bado anatafuta neno la kumwambia.

— Kwani mwalimu, nyuzi gani hizo zinapikwa? akauliza Pindo.

— Anaanza na polima, laini kama gundi. Anaivuta iwe uzi mwembamba kuliko unywele mara mia, kisha anauchoma kwa digrii elfu moja na mia mbili, pasipo hewa. Vya kugeuka mvuke vinaruka. Inabaki kauri ya silikoni na kaboni, isiyoogopa moto.

— Samaki mkunje angali mbichi! Spana akadakia. Ndiyo maana mkavu simli.

— Samaki kaingiaje hapa?

— Kaingia kama hewa ilivyoingia tanurini. Abadilishe gasketi ya mlango, basi.

— Gasketi yako? Gari la jirani ulilifunga jana, leo linasukumwa! Uzi ukikatika, umekazwa mno. Mimi nikiupata huo, nashona suruali: pasi isahau juu yake kutwa nzima, haiungui.

— Suruali tu? Mimi naunda gari zima. Tunafika juani, tunarudi kabla ya chakula cha mchana.

— Juani kwa breki zako? Mie nishushe hapahapa.

Desimali alitabasamu kidogo tu.

— Ndugu zangu, nimwambie nini mtoto?

— Mwambie mvumilivu hula mbivu, akasema Spana.

— Zake zimeiva mpaka zimepasuka, wewe!

— Nimeandika sentensi saba, akasema Desimali, akikunjua karatasi. Ya nne ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kupokelewa.

Mama mmoja aliyeleta sketi itiwe zipu alikuwa amesimama kando, akisikiliza.

— Samahani, baba. Hiyo tanuri huchukua muda gani kupoa?

— Dakika mia tano themanini na tano, akajibu upesi, karibu kwa furaha. Hushuka digrii mbili kila dakika.

— Ikifunguliwa mapema?

— Nyuzi zinavunjika. Lazima ilindwe.

— Na muda wote huo, mwanao anakaa na nani?

Mguu wa Pindo ukatulia juu ya pedali. Spana akaanza kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Kwa miaka mitatu Desimali alijua nyuzi zile hupungua uzito kiasi gani, husinyaa kiasi gani. Hilo moja hakuwahi kuuliza.

Akaikunja karatasi, akaiacha benchini, akaifunga vizuri chupa ya kahawa, akaitia kwapani.

— We mwalimu, hiyo ni yetu sote!

— Mwache, akasema Pindo. Mwalimu, chukua na vikombe. Viwili.

— Na sentensi ya nne?

— Baki nayo, Spana.

— Utarudi saa ngapi sasa?

Desimali alikuwa ameshavuka barabara.

— Ikipoa!