Everline Alipotua Kutoka Denmaki

Jumatano, tarehe 14 Agosti 1996, saa kumi na moja alfajiri, Mungu alimchukua mke wangu, Triza. Binti yetu Everline, anayesomea biashara chuo kikuu, alikuwa Denmaki akifanya mafunzo ya kazi katika kampuni ya siagi. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi. Hatukumpigia simu. Kwetu msafiri hapewi habari ya msiba akiwa peke yake njiani. Huketi kwanza, akanywa kitu, ndipo akaambiwa. Kwa hiyo Jumamosi jioni nilimngojea kijiweni kwa Batulo, muuza kahawa, hapa kona ya Ziwani, ili asifike nyumbani kabla sijamwona. Kule nyumbani kina mama walikuwa wamejaa sebuleni, nami nilikuwa nimewaomba wanyamaze kwa muda. Benchini nilikuwa na wenzangu wawili wa siku zote. Mmoja ni Maingi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Wa pili ni Makokha, karani wa kanjo, yaani baraza la jiji, tunayemwita Upinzani kwa sababu Redio hajawahi kusema neno naye asilipinge. Niliwaambia hivi: akimaliza kikombe kimoja, nitamwambia.

Mpwa wangu Javan, aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege, alimshusha kwenye teksi, binti akiwa amevaa koti zito. Everline alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

— Baba! Javan amekataa kabisa kuniambia Mama amepika nini.

— Keti kwanza, mama. Kunywa kitu.

Batulo alimmiminia kahawa. Kabla sijavuta pumzi, Redio akaanza.

— Everline wa majuu! Manze, hebu tupashe. Ati huko watu hawalali?

— Wanalala, Anko Redio. Jua ndilo halilali. Mwezi wa sita, saa nne usiku, unasoma gazeti nje bila taa.

Nilijaribu kuona usiku wa namna hiyo, nikashindwa. Kazi za Bwana ni nyingi.

— Hiyo mimi naielewa, alisema Redio. Wazungu wamelikodisha jua. Likifika kwetu Ziwani limeshachoka, linataka tu kuingia kulala.

Everline alicheka, akamgeukia Makokha kungoja ugomvi.

— Ni kweli, alisema Upinzani kwa upole. Limekodishwa.

Kikombe kilikuwa kimefika nusu. Batulo akakijaza tena. Nilimtazama, naye akaangalia kando.

— Na kazi yenyewe? nilimwuliza binti yangu.

— Baba, siku ya kwanza nilimkuta mwanamume anafuta meza jikoni pale ofisini. Nikampa kikombe changu aoshe. Akakiosha vizuri, akanirudishia. Baadaye tunaingia mkutanoni, namwona ameketi mbele. Kumbe ndiye mkurugenzi!

— Woi! Na hukufutwa? aliuliza Redio.

— Anifute kwa nini? Ilikuwa zamu yake ya jikoni. Halafu akaniuliza, mbele ya watu wote, siagi yao ingeuzwa vipi mahali ambapo watu hawana friji. Wakubwa wote wakanyamaza wakiningoja. Mimi, Baba! Nikawaeleza vile Mama huchemsha siagi hadi iwe samli na kuiweka kwenye chungu, ikakaa miezi bila kuharibika. Walinishikilia hapo hadi chakula cha mchana. Ati chungu kina mdomo mpana? Kinafunikwa na nini? Nitamwambia Mama leo leo, hataamini.

Niliwaza wakubwa wa nchi ya mbali wakikaa kimya, wakisikiliza habari za jiko letu.

— Basi imekwisha! Redio alipaza sauti. Saa hii kiwandani kwao kuna picha ya mathe wa Ziwani ukutani. Malkia wao hagusi mkate bila samli ya Triza...

Alipotamka jina hilo, sauti ilimkatika. Upinzani alidakia upesi.

— Hagusi kabisa. Hata mimi nimesikia.

Batulo akamimina tena.

— Lakini kilichonishinda ni watoto, alisema Everline. Mama anaingia mkahawani kunywa kahawa, mtoto anamwacha nje kwenye kigari, kwa baridi, amelala. Watu wanapita tu. Hakuna anayemgusa. Siku ya kwanza nilisimama nikamlinda mmoja, mpaka mamake akatoka kuniuliza nina shida gani.

Mtoto peke yake barabarani, na wapita njia wote ni walinzi wake. Moyoni nilimshukuru Mungu aliyemlinda wangu vivyo hivyo, kati ya watu wasiomjua.

— Hao watoto wana waya, alisema Redio. Gusa uone. Unapigwa stima, unaangukia mtaa wa Huruma.

— Ni kweli, alisema Upinzani. Stima ya hatari sana.

Everline aliweka kikombe chini. Batulo alipoinua birika, akakifunika kwa kiganja.

— Baba, Mzee Makokha amekubali kila neno la Anko Redio. Kwa nini?

Redio aliinamia viatu vyake. Upinzani alivua kofia. Batulo alirudisha birika juu ya makaa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kahawa ilikuwa bado imo kikombeni. Sikungoja iishe.

— Mama yako ametutangulia, Everline. Jumatano, alfajiri.

Alisogea karibu nami benchini.

— Alikuwa mgonjwa?

— Tangu mwezi uliopita. Alitukataza kukuita. Alisema, mwacheni amalize kazi yake, kisha aje anieleze yote.

Alivua lile koti taratibu, akalilaza benchini.

— Basi kesho unipeleke mochari alipolazwa, Baba. Nitamweleza.

Ndipo akalia. Kina mama walimsikia kutoka nyumbani, wakaanza kuimba, nami sikuwazuia tena. Binti yangu alipiga magoti pale kwenye vumbi. Nilipiga magoti karibu naye, na wenzangu pia. Batulo alisimama kando yetu, akaifungua mikono yake kama wanavyoomba wao Waislamu.

Ee Bwana, mpokee Triza, mtumishi wako. Msamehe alipokosea. Umpumzishe baada ya maumivu yake, umketishe pamoja na watakatifu wako. Na sisi tuliobaki, utushike mkono hadi siku utakayotukutanisha naye. Amina.