Siku Afande Alipopiga Magoti Kijiweni

Kijiwe cha nyuma ya soko la mboga, pale makabichi ya Mgeta yanaposhushwa asubuhi, kina majibu ya kila kitu: ligi, uchaguzi, hata ndoa za watu. Siku ile kilipigwa na butwaa. Teja mmoja wa unga alidondoka mbele ya benchi, midomo imegeuka rangi, hapumui. Wilfred Kabichi, mchuuzi wa mboga, akakimbilia maziwa ya kummiminia mdomoni. Collins fundi simu, waliyembandika jina la Interpol, akatimua mbio hadi ng'ambo ya barabara, maana anayekutwa na maiti ndiye anayeandika maelezo kituoni. Mara akatokea Afande Jesca, polisi kata. Akapiga magoti vumbini na magwanda yake, akayasukuma maziwa pembeni, akampulizia kijana dawa puani, akampa pumzi. Kijana akakohoa, akafumbua macho. Mzee Abdulmajid, Spika wa kijiwe, alikuwa bado amekaa palepale. Yule kijana alikuwa Hafidhi, mwanawe wa kumzaa. Na kijiweni alishatangaza kwamba Hafidhi yuko Kisaki, kapata kazi ya reli.

Sasa Hafidhi alikuwa amelazwa ubavu kwenye baraza la duka la ng'ambo, afande pembeni yake, wanasubiri bajaji. Benchi likajaa tena.

— Jamani, mmeona nilichoona mimi? Wilfred alishika kichwa. Polisi anampa teja pumzi? Polisi hawahawa?

— Hata kofi hajampiga, alisema Salehe muuza kahawa, huku akimimina mpaka kikombe kikafurika.

— Nyie mmelala, alisema Collins, jasho linamtoka bado. Huo ni mtego. Wanamwamsha ataje anakonunua. Akishataja, kwisha habari yake.

Spika akageuka kutazama ng'ambo.

— Mtego gani, bwana? Salehe alibisha. Kwenye mkutano wa mtaa si walisema, mtu akizidiwa na unga piga simu, hakamatwi mtu? Wanashirikiana na wale walioacha.

— Ukaamini?

— Sikuamini.

— Basi tulia! Dawa gani inafufua mtu kwa pua? Wamemwekea kitu mle. Kuanzia leo huyo akiingia chooni, Dodoma wanajua.

— Acha kamba zako, Interpol!

Wilfred akashusha sauti.

— Mimi hofu yangu nyingine. Kwetu mlimani, mtu akishakata pumzi vile, ameondoka. Aliyelala pale barazani siye yule aliyeanguka.

— Astaghfirullah! Salehe alishtuka.

— Koma, Wilfred! Spika alifoka, kahawa ikammwagikia vidoleni asisikie moto. Koma kabisa! Yule ni mtoto wa mtu!

Wilfred, mtu asiyekubali kushindwa hata kwa bei ya bamia, akainamisha kichwa.

— Nisamehe, Spika. Mdomo umenitangulia.

Spika alikuwa anapiga hesabu kichwani. Akisema yule ni wake, ameumbuka mtaa mzima. Na kama Collins kasema kweli, atakuwa amejipeleka mwenyewe na mwanawe mikononi mwa polisi. Asiposema, je? Ng'ambo, Hafidhi alijaribu kuinuka, miguu ikakataa, akarudi chini kama gunia.

Dada mmoja mwembamba mwenye kizibao cha njano akavuka barabara. Winfrida. Huyu naye aliwahi kulala kwenye vibaraza vya soko hilohilo, kabla hajaacha unga na kuanza kuzunguka na afande.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Bajaji imefika. Ile dawa itaisha nguvu, na anaweza kuzimika tena. Tukimwacha peke yake hospitali atatoroka akatafute unga mwingine, na huo ndio utammaliza. Anahitaji mtu wake wa kukaa naye. Huyu kijana ana ndugu hapa?

Collins, mjuzi wa siri za dunia, alichungulia ndani ya kikombe chake. Salehe akaanza kufuta birika lililokuwa safi. Wilfred aliinama kufunga kamba za viatu, na amevaa ndala. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Spika. Ndipo Spika akaelewa. Walikuwa wanajua! Wote! Kila walipomuuliza, "Kijana hajambo huko Kisaki?" walikuwa wanajua, wakamwacha ajibu.

— Ni wangu, alisema. Akarudia kwa nguvu: Ni wangu! Mimi ndiye baba yake.

Akavuka barabara bila kuangalia magari. Afande Jesca alikuwa ameshamwingiza Hafidhi kwenye bajaji.

— Shikamoo, mzee. Panda umwegemeze. Usimwache asinzie njiani. Mwongeleshe.

Spika alipanda, akamvuta mwanawe kifuani. Alikuwa mifupa mitupu. Hafidhi alimtazama mara moja, akageuza uso.

— Nimwongeleshe nini?

Aliwauliza wote: afande, Winfrida, na wenzake waliokuwa wamemfuata, wamesimama kando ya bajaji na vikombe mkononi. Collins alifungua mdomo, akaufunga. Dereva akatia gia, na Spika akaanza na jina tu: Hafidhi, mwanangu.