Bwana Kitheka na Mashua ya Chaki

Baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na minne, Bwana Kitheka Muthama, mtunza stoo, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 1 Agosti 2025. Tumehesabu miaka hiyo mara mbili kabla ya kuiandika. Yeye mwenyewe angeihesabu mara tatu.

Bwana Kitheka alifika hapa Uthiru kutoka Mwingi mwaka wa 1991, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Wakati huo stoo ilikuwa chumba kimoja chenye panya wengi na daftari moja. Leo ni vyumba vitatu, madaftari hayahesabiki kwa urahisi, na panya walihama wenyewe. Katika stoo yake hakuna kitu kilichotoka bila sahihi. Mwalimu aliyetaka chaki alitia sahihi kwa kila kipande. Mwiko mkubwa wa jikoni ulipopotea mwaka wa 2012, alilitangaza jambo hilo gwarideni kwa sauti ya msiba. Ulipofukuliwa kwenye mbolea ya shamba la shule miaka miwili baadaye, aliandika neno moja tu daftarini, mbele ya jina la mwiko: "Umerejea."

Wengi hawakujua kwamba mtu huyu wa magunia ana mapenzi na bahari. Yalianza mwaka wa 2009, alipoandamana na wanafunzi kwenye ziara ya Pwani ili kuhesabu magodoro. Huko Kilifi, shemeji yake Mutiso, fundi wa injini za boti, alimchukua kwa mashua ya matanga kwa saa moja. Bwana Kitheka alitapika kwa dakika hamsini. Katika dakika kumi zilizobaki aliamua kwamba akistaafu atasafiri kwa mashua kama ile, kutoka Kilifi hadi Kilwa na kurudi. Tangu hapo hutumia likizo zake huko akijifunza, na Mutiso anasema sasa hatapiki ila asubuhi.

Mwaka jana Mutiso alipata mashua ya futi thelathini na moja iliyokaa nchi kavu muda mrefu. Alinunua nusu. Nusu ya pili, shilingi 450,000, alimwekea shemeji yake hadi mwisho wa Julai, kwa sababu kulikuwa na mnunuzi mwingine aliyepiga simu kila wiki. Pesa zilikuwepo kwenye chama cha akiba. Kilichokosekana ni neno la Mama Kavutha, mke wa Bwana Kitheka, anayeuza nafaka Waithaka na ambaye hajawahi kusema ndiyo kwa kitu asichokipima. Bwana Kitheka alikuwa ameshasema wazi kwamba bila yeye hasafiri. "Macho yangu mawili hayatoshi kuona bahari yote hiyo," alituambia.

Kwa hiyo aliandika mpango. Sisi wa Klabu ya Jiografia tulipewa heshima ya kuuhakiki, na una kurasa arobaini na moja. Wasafiri ni watatu: yeye, Mama Kavutha na Mutiso. Wataondoka mwanzoni mwa Januari wakisukumwa na kaskazi, na kurudi Aprili kusi ikianza. Watasafiri mchana tu, na kila jioni watatia nanga mahali palipokingwa na mawimbi: Mtwapa, Shimoni, Tanga, Pangani na kuendelea. Matanga yaliyotumika, shilingi 120,000. Kuziba nyufa na kupaka rangi, 85,000. Dizeli lita 160 kwa siku zisizo na upepo, 27,500. Ada za bandari na vibali vya nchi mbili, 60,000. Chakula cha wiki kumi na tatu, 110,000. Dharura, 70,000. Jumla ni shilingi 472,500, mbali na mashua yenyewe. Maji ni lita nne kwa mtu kwa siku, na tangi la lita mia mbili linatosha siku kumi na sita pamoja na chai ya asubuhi ya kumi na saba. Ukurasa wa 38 una sindano za kushonea matanga, kubwa na ndogo.

Vifaa alivitafuta mjini Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miguu. Kwenye Barabara ya River aliomba kamba isiyooza kwa chumvi, na mwenye duka akamuuliza, "Mzee, hii ng'ombe yako inakula chumvi ngapi?" Jaketi la kuokoa maisha, la rangi ya machungwa, alilivaa alipotoka dukani ili mikono ibaki huru kubeba kamba. Kabla hajafika kituoni, watu wanne walikuwa wamemwuliza barabara itafunguliwa lini. Wa tano aliambiwa Jumatatu.

Mama Kavutha alisoma kurasa zote arobaini na moja. Kisha akasema, "Karatasi haiyumbi. Niweke ndani kwanza, nikae, ndio nijue."

Basi wikendi ya pili ya Julai, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, mashua ilichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya bwalo, kwa vipimo kamili: vitanda, meza, usukani, na jiko moja la gesi. Chaki zilitoka stoo. Bwana Kitheka alitia sahihi kama mtoaji, akazunguka meza, akatia sahihi kama mpokeaji. Sheria zilikuwa mbili. Anayevuka mstari amezama. Na choo cha walimu kingeitwa bandari, kifikiwe mara nne kwa siku.

Jumamosi saa tatu asubuhi wenye mashua, mume na mke, waliingia na vyombo vyao. Bwana Kitheka aliteleka mahindi makavu na maharagwe, githeri ileile aliyotupimia miaka yote. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Saa sita kasorobo moto ulipungua, ukawa wa buluu kidogo, ukazima. Mtungi ulikuwa mtupu na mahindi yalikuwa magumu kama kokoto.

Mama Kavutha alifungua mpango. Alipekua polepole, tukisikia kila karatasi.

"Baba Kavutha, moto iko ukurasa gani?"

Hakukuwa na ukurasa. Hakukuwa na gesi, mkaa wala kiberiti. Hapa shuleni kuni huletwa na lori na huandikwa kwenye daftari la mhasibu, si la stoo. Kwa miaka thelathini na minne Bwana Kitheka alitoa mahindi mlangoni, nayo yakaiva. Hakuwahi kuulizwa yaliivaje.

"Umeweka mpaka sindano za aina mbili," Mama Kavutha alisema, "na moto hujaweka?"

Dedan, mpishi wetu mkuu, aliwahurumia akaja na sahani mbili.

"Dedan, umesimama baharini," alisema Bwana Kitheka kwa huzuni.

"Baharini au wapi, yeye ako na chakula," alijibu mkewe.

Lakini sahani hakuipokea. Sisi tuliokuwa tumeketi kando tuliona safari imekwisha, kwani zilibaki siku kumi na tisa tu kabla ya nusu ile kwenda kwa yule mnunuzi. Bwana Kitheka aliikunja ramani yake vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayeirudisha stoo.

Ndipo Mama Kavutha akaomba penseli. Alikata mahindi makavu kwa mstari mmoja. Akaandika ndengu, ambazo huiva haraka. Akaandika kikapu kilichoshonewa blanketi ndani, ambamo chungu kikishachemka dakika kumi huzikwa na chakula hujimalizia chenyewe. Akaandika mitungi miwili ya gesi na bei yake. Walikula mkate na parachichi mchana huo, wakakaa ndani ya chaki hadi Jumapili alasiri, kwaya ikaja kuwaimbia ufuoni.

Alipovuka mstari, alisema, "Hawa wanaume wawili wakienda bila mimi watarudi mifupa. Nitaenda. Lakini stoo ya mashua ni yangu, na mtu akitaka sukari atatia sahihi."

Bwana Kitheka alipeleka pesa Kilifi Jumatatu. Tumesikia kwamba sahihi ya kwanza ameshaitia, ya vijiko viwili vya majani ya chai.

Asante, Bwana Kitheka, kwa kila kikombe cha uji uliotupimia sawasawa. Tunakuombea upepo wa nyuma, maji ya kutosha na mwenzako asiyekuchoka. Zawadi yetu ni ndogo na haina budi kufuata utaratibu wako:

Viberiti, pakiti moja, ndani ya chupa isiyoingia maji. Imetolewa na Klabu ya Jiografia. Imepokelewa na (sahihi): ....................

Imeandikwa na Ciru Kibe, Kidato cha Tatu, kwa niaba ya Klabu.