Thaddeus Pruitt, Aliyekaa Katikati

Mchungaji wetu, majirani, nanyi nyote mliotoka mbali, mimi ni Earlene Pruitt, bibi wa marehemu, mzaa mama yake, nimeombwa nisome maisha yake kwa sababu mama yake hawezi, na mimi shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo mnivumilie nikisoma polepole.

Thaddeus alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Valdosta, Georgia, mtoto pekee wa binti yangu Lorene, akasoma shule hapahapa, kisha akaenda chuo kikuu Atlanta na kuhitimu Mei 2013, akitaka kuwa mwanasheria. Mwaka huohuo alifanya mtihani wa kuingia vyuo vya sheria, akaanguka, na kilichomwangusha, alivyonieleza, ni mafumbo ya kupanga watu kwenye viti kwa masharti, hasa lile swali linaloondoa sharti moja na kukuuliza ni lipi likiwekwa mahali pake litaacha mpangilio vilevile.

Sasa lile benchi fupi la watu watatu kando ya piano mnalijua, ndilo letu, na mnajua pia kwamba Lorene na dada yake Dessie hawasemezani tangu baba yao afariki mwaka 2009, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyekubali mashine ya kumsaidia kupumua izimwe, nami ninayekaa kwenye kwaya nikaweka sharti, Lorene na Dessie wasikae bega kwa bega.

Jumapili moja ya Novemba 2013, tukila kuku na kunde, Thaddeus akaniambia, "Bibi, hebu liondoe sharti lako, uweke lingine lenye kazi ileile." Nikamwambia, "Basi mama yako akae kushoto, Dessie kulia." Akacheka, "Hapo umewaonea, Bibi, la zamani halikuwakataza kubadilishana upande. Jipya lisiruhusu kilichokatazwa, wala lisikataze kilichoruhusiwa." Dessie akadakia kutoka jikoni, "Muulizeni huyo msomi yeye anakaa wapi! Kila Jumapili kajaa pale katikati kama gunia la viazi!" Thaddeus akaweka uma chini. "Mama mkubwa, umenipa jibu. Thaddeus akae katikati, basi, hakuna zaidi." Maana benchi ni la watatu, akiwa katikati hao wawili hawawezi kugusana, na wasipogusana, wa katikati hana budi kuwa yeye.

Alirudia mtihani Juni 2014, akafaulu, akasoma sheria mwaka mmoja, akaiacha, akasema raha yake ni kuwafundisha wengine kuyafumbua mafumbo yale, kazi aliyoifanya Atlanta tangu Agosti 2015, na kila Jumamosi aliendesha gari kuja nyumbani ili Jumapili akae mahali pake. Alifunga ndoa na Renita tarehe 9 Juni 2018, wakajaliwa binti mmoja, Jolene, mwaka 2020.

Septemba 2022 madaktari waligundua saratani ya damu, akatibiwa, nywele zikaisha, akaja na kofia, akakaa katikati. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, asubuhi. Sijalia bado. Watu wanaleta keki, nami nazipanga kwenye friji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliofagia uwanja wetu bila kuombwa, walimu wenzake, na wanafunzi wake, ambao leo nimewaona ni wengi kuliko nilivyodhani.

Asubuhi hii nimekaa katikati mimi, nikashika mkono wa Lorene huku na wa Dessie huku, sikuhisi kitu. Sasa nimesimama hapa na nafasi ile iko wazi, na nikimaliza sirudi pale, nakwenda kwenye kwaya, ndipo mahali pangu. Sharti langu nimeliondoa, na mahali pake siweki lingine. Lorene, Dessie, benchi ni lenu.

Nawe Thaddeus, mjukuu wangu, umekaa katikati vya kutosha, pumzika sasa kwa amani.