Bi. Winifred Ackroyd, Fundi Aliyetaja Bei Yake kwa Gini

Winifred Maud Ackroyd, binti Seth Sugden aliyegoma kiwandani majira mazima ya baridi na kurudi kazini bila kuomba radhi, mjukuu wa Hepzibah Sugden aliyemrudishia mchungaji blanketi la msaada kwa sababu lilikuja na mahubiri, na yeye mwenyewe fundi aliyezuia gauni la bibi harusi siku moja kabla ya harusi na asijute mpaka anaingia kaburini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1924 hapa hapa Batley, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sufu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Seth na Annie Sugden. Mdogo wake wa pekee, Ivy, ndiye anayewasomea haya, na anaomba asikatizwe. Chai na mikate ipo, haikimbii.

Marehemu alisoma shule ya kanisa hadi alipofikisha miaka kumi na minne, kama sisi sote. Zaidi ya hapo palikuwa pa watoto wa wenye nacho. Vijana mlioko hapa, sikilizeni, maana hamkuikuta hela ile. Pauni ilikuwa shilingi ishirini. Gini ilikuwa shilingi ishirini na moja. Sarafu ya gini ilikwisha kutoweka kabla bibi yetu Hepzibah hajazaliwa. Lililobaki lilikuwa jina, na jina lilikuwa na wenyewe. Daktari alilipwa kwa gini, na wakili, na mchoraji wa picha za mabwana, na fundi wa suti za waungwana. Muuza makaa na dobi walilipwa kwa shilingi. Sisi watu wa mitaa hii tuliipa kila sarafu jina la utani: shilingi tuliiita bob, nusu shilingi tana, pauni kwidi. Gini haikuwa na jina la utani. Nani angethubutu kuizoea hivyo?

Siku mwalimu alipofundisha hayo, Winnie alinyoosha mkono akauliza mwanamke anayeshona analipwa kwa hela gani. Mwalimu akasema, kwa chochote atakachopewa. Winnie akasema hilo si jibu la hesabu. Alisimamishwa pembeni ya darasa mpaka kengele ilipolia.

Mwaka 1938 aliingia kazini Leeds, katika karakana ya suti za kiume, akienda na kurudi kwa treni kwa miaka kumi na mitatu. Alishona mikono na kola za makoti yaliyouzwa dukani mbele kwa gini kumi na tano, na yeye akapewa bahasha ya shilingi. Fundi mkuu alikuwa akitia mshono wa mwisho tu na kusema koti ni kazi yake. Aprili 1951 marehemu alifungua duka lake mwenyewe karibu na stesheni, na Ivy akaacha kazi kiwandani akawa mtoboaji wa vitundu vya vifungo na mshonaji wa pindo. Dirishani aliweka kadi kwa mwandiko wake: Magauni, kuanzia gini tatu.

Mji ulicheka. Waliokuwa wakitoka duka la samaki na chipsi walisimama kuisoma kadi huku wakilamba vidole. Bwana Pickles wa makaa alikuwa akipita anakohoa makusudi. "Dokta Winnie, nitibu kifua," anasema, "lakini gini sina." Naye anamjibu bila kuinua macho kwamba kwa jinsi anavyomjua, kilicho kifuani mwake ni bia, na hiyo haina dawa.

Kuna jambo ambalo wengi hawakulijua. Kwa mawakili ilikuwa desturi kwamba ile shilingi ya juu katika kila gini humwendea karani. Marehemu aliifuata desturi hiyo barabara. Pauni zilikuwa za duka. Shilingi ya juu ilikuwa ya Ivy. Ndiyo maana aliposema gini alikuwa anasema wanawake wawili.

Alifunga ndoa na Clifford Ackroyd, kondakta wa basi, tarehe 14 Juni 1947. Clifford alikuwa mpole, Mungu amrehemu, na alipenda amani. Walijaliwa watoto wawili, Keith na Maureen.

Sasa la mwaka 1956. Bi. Lumb, ambaye mumewe alikuwa mwenye lile jengo la duka letu, aliagiza gauni la harusi la binti yake Rosalind. Bei ilikubaliwa: gini kumi na mbili. Siku moja kabla ya harusi alikuja kulichukua, akapanga mezani noti kumi na mbili za pauni, akanyoosha mkono.

"Tulisema gini," marehemu alimwambia.

"Gini ni za mafundi, Winnie. Wewe unashona. Mumeo ana kazi, hii ni hela yako ya pini tu."

Ndivyo walivyoyaita mapato ya mwanamke katika nchi hii, hela ya pini, kana kwamba mwanamke hali wala halipi kodi, hununua pini tu. Marehemu alilichukua gauni mezani, akalitundika tena ukutani, akalifunika shuka.

"Pini ninazo za kutosha, Bi. Lumb. Gauni litabaki kwangu."

Jioni ile Clifford alimsihi. Alisema ni shilingi kumi na mbili tu, atazitoa yeye mfukoni mwake, na wakinyang'anywa duka watakula nini? Marehemu alimjibu kwamba akizitoa yeye basi itakuwa ni mumewe ndiye aliyemwita fundi, na mumewe hajavaa gauni lake hata siku moja. Hatukucheka. Duka lile lilikuwa chakula cha nyumba mbili, na sote tulijua.

Asubuhi ya harusi Rosalind alikuja mwenyewe kwa miguu, mvua inanyesha, rola za kukunjia nywele bado ziko kichwani chini ya kitambaa. Aliweka mezani zile noti kumi na mbili za mama yake, na juu yake shilingi kumi na mbili zake mwenyewe.

"Mama anasema huna adabu," alisema.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema naomba gauni langu, Bi. Ackroyd."

Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwita Bi. Ackroyd. Marehemu alimvalisha pale pale dukani, akamfunga vifungo kimoja kimoja.

Notisi ya kuhama ilifika kabla mwezi haujaisha. Tulipandisha cherehani mlimani hadi nyumbani kwa Winnie katika kigari cha mtoto, Winnie anasukuma, Ivy anashikilia, mji mzima uko milangoni. Kadi ilihamia dirisha la sebule, na haikubadilishwa hata herufi. Mabwana wa baa walimwambia Clifford amwambie mkewe apunguze maneno. Akawajibu, "Mwambieni ninyi. Mimi nalala naye nyumba moja." Wateja walichelewa mwaka mzima, tukala viazi. Kisha wakaja, wakapanda mlima kwa miguu yao.

Februari 1971 hela mpya ilipoingia, pauni ikawa peni mia na hesabu ya shilingi ikafutwa, kijana mmoja alitumwa kuwaelimisha wenye biashara. Alimwambia kwa upole kwamba gini imekufa. Marehemu akamwambia, "Imekufa zaidi ya miaka mia, na wakubwa waliitumia bila shida. Mbona izikwe leo, nilipoishika mimi? Farasi bado wananadiwa kwa gini. Mimi si duni kwa farasi." Alishona kwa gini mpaka vidole vilipokataa, mwaka 1998.

Clifford alitangulia mwaka 1989. Marehemu alianza kuugua moyo majira ya kupukutika kwa majani mwaka 2010, akakataa kitanda kishushwe sebuleni kwa sababu sebule ni ya kazi. Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2011, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na sita. Ameacha mdogo wake Ivy, mtoto wake Keith aliyeko Australia, Maureen aliyemuuguza, wajukuu wanne na kitukuu mmoja. Bwana ampe pumziko jema. La kunyamazishwa hakulitaka.

Siku mbili kabla hajafariki alimwita mjukuu wake Kirsty, binti Maureen, anayeshona mezani jikoni kwake na kuwaambia wateja, "Nipe tu vipauni viwili vitatu." Alimshika kifundo cha mkono.

"Jumamosi anakuja yule mama wa gauni la ubatizo. Mpokee umesimama. Taja bei yako mara moja, nzima, kisha nyamaza. Yeye ndiye aongee."