Fundi Vua na Zulia Lake la Zambarau

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Februari 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kinu cha kusaga nafaka. Alikuwa kifungua mimba. Mama yake alipenda kusimulia kwamba unga ulipenya kila mahali, kwenye shuka, kwenye chai, hadi kwenye kope za mtoto, na kwamba neno la kwanza la mtoto huyo halikuwa "mama" wala "baba", lilikuwa chafya. Ndugu zake wanaamini hapo ndipo ugomvi wake na vumbi ulipoanza.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Kwenye hesabu hakutajwa sana. Alitajwa kwenye zamu ya usafi, kwa sababu alifagia darasa bila kutimua vumbi. Mwalimu alipomuuliza anafanyaje, alijibu, "Wenzangu wanalifukuza, mwalimu. Mimi nalikusanya."

Mwaka 1965 alianza kujifunza ushonaji wa viatu kwa mume wa shangazi yake, na mwaka 1974 akafungua kibanda chake mwenyewe kwenye lango la soko. Soli zake zilidumu kuliko viatu vyenyewe. Wapo hapa leo waliotupa viatu wakabaki na soli, wakisubiri kiatu kingine kinachostahili.

Mwaka 1977, kabla hajanunua hata kitanda cha maana, marehemu alinunua zulia. Lilikuwa la sufu, rangi ya zambarau iliyoiva, na maua ya krimu pembeni. Alilibeba begani yeye na rafiki yake fundi magodoro, wakafika nyumbani, likakataa kupita mlangoni. Wakaliingiza kwa dirisha. Kulitandaza, kumbe ni kubwa kuliko sebule. Fundi magodoro akatoa mkasi, marehemu akamshika mkono. "Chumba ndicho kidogo," akasema, "zulia halina kosa." Basi ncha moja ikakunjwa ikapanda ukutani kama pindo la suruali, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo.

Wengi wenu mnajua jinsi alivyolitunza, maana hakuna aliyekanyaga nyumba ile asisomeshwe. Alilifagia kufuata uelekeo wa manyoya, kamwe si kinyume chake. Kila baada ya miezi michache aliligeuza, upande wa mlangoni ukaenda dirishani, ili nyayo zisilile sehemu moja. Alilianika kivulini, akisema jua linakausha lakini linaiba rangi. Chingamu aliigandisha kwa barafu kisha akaibandua kwa nyuma ya kijiko. Na kitu kikimwagika, hata kama ni supu ya moto na mtoto analia, sauti yake ilisikika kwanza: "Msisugue! Bonyezeni! Kitambaa cheupe, toka pembeni njoo katikati!" Watoto wake walilelewa kujua kwamba kikombe kikiteleza mkononi, kielekezwe upande wa saruji. Kuungua mguu si kitu, mguu unapona.

Ila ulinzi mkubwa ulikuwa mlangoni. Mtaa ule watu waliingia na viatu majumbani, si ajabu. Kwa marehemu, mtu akibisha "Hodi!", hakuitikiwa "Karibu." Aliitikiwa "Vua!" Ndilo jina analozikwa nalo leo, Fundi Vua, na hata bili ya maji iliandikwa hivyo. Muuza bima mmoja, mgeni wa mtaa, aliitikiwa hivyo akafungua vifungo vya shati mpaka tumboni ndipo akaoneshwa viatu.

Tarehe 16 Desemba 1978 marehemu alifunga ndoa na mke aliyemwacha leo, mshonaji wa sare za shule. Zulia lilimtangulia mkewe kwa mwaka mzima, na mkewe hakuacha kumkumbusha. "Mimi ni mke wa pili," alikuwa akisema, na marehemu akimjibu, "Wa pili, lakini ndiye ninayezungumza naye." Walijaliwa watoto watatu.

Sasa ndugu zangu, ndoa ile ilikuwa na furaha, lakini ilikuwa na jambo moja lisilokaa sawa, na kila jirani analijua. Mwezi wa pili wa ndoa, mama mkwe wake alikuja kumtazama binti yake. Akabisha hodi. Marehemu alikuwa amepiga magoti anabonyeza doa, akadhani ni fundi magodoro, akapaza sauti, "Vua!"

Ikasikika sauti ya mama mtu mzima.

"Nivue nini, wewe mtoto?"

Mtaa mzima ukatoka nje. Marehemu naye akatoka mbio, kitambaa mkononi, jasho linamtiririka. "Viatu, mama! Viatu! Shikamoo! Nilisema viatu!"

"Hukusema viatu. Ulisema vua. Mkwe ananiambia vua, mchana, watu wanasikia!" Akamgeukia binti yake. "Mwambie mumeo mimi si ng'ombe wa kukaguliwa kwato. Mguu wangu hautakanyaga humu."

Na haukukanyaga. Miaka ikapita, mama mkwe akawa anakuja, anaketi barazani, anapewa kiti chake na chai yake. Cha kushangaza ni kwamba hao wawili walipendana. Marehemu alikuwa akiketi kizingitini upande wa ndani, mama nje, wakapiga soga na kucheka mpaka jua linazama. Mvua ikinyesha, mama alifungua mwavuli. Lakini binti yake hakucheka sana. Alizaa watoto watatu nyumbani kwa mama yake, kwa sababu mama hakuingia kwake. "Mama yangu hajawahi kuliona jiko langu," alikuwa akisema. "Anaongea nami dirishani kama mtu anayenunua kiberiti." Marehemu alikuwa akijibu kwa upole, "Mlango uko wazi, mke wangu. Ni viatu tu." Na mama alikuwa akijibu toka barazani, "Nimesikia!"

Mwezi wa Agosti 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Madaktari walisema ni moyo, wakampa dawa, wakamtaka apumzike. Mkewe akakihamishia kitanda sebuleni ili amhudumie bila kupanda na kushuka ngazi ya chumbani. Marehemu alikubali kwa sharti kwamba kila mguu wa kitanda uwekewe kipande cha soli chini, zulia lisibonyee.

Jumapili moja mwezi wa Novemba, mama mkwe alibisha hodi. Mkewe alikuwa jikoni anakoroga uji. Aliyeitika alikuwa mgonjwa, kwa sauti ndogo.

"Karibu, mama. Ingia. Na viatu vyako."

Mkewe anasema mwiko ulimtoka mkononi.

"Usinionee huruma, Fundi," mama akajibu toka barazani.

"Sikuonei huruma. Sina tena pumzi ya kupiga kelele mpaka huko nje. Ingia nikuone."

"Basi navua."

"Mama, nimesema usivue!"

"Nyumba ya mtu ina utaratibu wake. Navua!"

"Mimi ndiye mwenye utaratibu, na nimeufuta!"

"Ungeufuta nikiwa bado na magoti. Sasa nimeshainama, siinuki bure."

Wakabishana hivyo mpaka viatu vikawekwa kando ya mlango, na mama akaingia, taratibu, akishika ukuta. Marehemu akatazama chini. Hakutazama kama mkwe, alitazama kama fundi. Miguu yote miwili, mfupa wa kidole gumba ulikuwa umetokeza ubavuni, mkubwa kama limau, na vidole vingine vimepandana.

"Mama," akasema, "miaka yote hii, ni vidole?"

"Kwani ulidhani ni neno lile? Neno lilinisaidia tu."

"Mbona hukuniambia? Kazi yangu ni miguu!"

"Ndiyo maana. Mkwe fundi viatu, kibanda langoni pa soko. Kesho yake kila muuza nyanya angekuwa anaulizia vidole vyangu."

Marehemu alicheka mpaka mkewe akakimbilia dawa. Mama mkwe yeye alipita moja kwa moja hadi jikoni. Alisimama katikati, akatazama rafu, akatazama jiko, akafunua kila kifuniko. "Masufuria umeyapanga vibaya," akasema. Binti yake akalia palepale, na anasema hajawahi kusifiwa vizuri namna hiyo.

Wiki zilizofuata marehemu alifanya kazi yake ya mwisho. Aliagiza ngozi laini, akaegemea mito kitandani, akashona jozi moja ya viatu vipana kwa mbele, na mfuko wa nafasi ubavuni kwa ajili ya ile mifupa. Siku ya kubandika soli, gundi ilimwagika juu ya ua la krimu. Mjukuu mmoja alishaleta kitambaa cheupe.

Marehemu aliliangalia lile doa. "Liacheni," akasema. "Nipeni hicho kiatu kingine."

Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Januari 2024, nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni na mama mkwe akiwa jikoni, akipanga upya masufuria.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wanne, rafiki yake fundi magodoro, na mama mkwe mmoja, yule pale mstari wa mbele, ambaye amekuja leo kwa miguu yake mwenyewe, ndani ya viatu vile, na anasema haviumi popote.

Maisha yake yote marehemu alipigana na udongo. Leo tunamkabidhi kwa udongo huohuo, na tunauomba umpokee kwa upole zaidi kuliko yeye alivyoupokea. Pumzika kwa amani, Fundi wetu.