Skrini ya Katikati ya Mama Shantel

Bi. Agneta Wesonga, ambaye sisi wote wa Ufuo Printers tunamwita Mama Shantel, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Mwandishi wa wasifu huu ni Calvince Ouma, aliyekaa naye meza moja kwa miaka kumi. Kazi ya mwandishi ni kupanga kurasa, na nyingi kati ya hizo ni za programu za mazishi. Amepitisha mkononi wasifu wa mamia ya watu, na hakuna hata mmoja wao aliyerudi kulalamika. Huyu wa leo yuko hai, ana miwani, na kalamu nyekundu iko mkobani mwake. Msomaji atuelewe tukitetemeka kidogo.

Mama Shantel alifika Kisumu kutoka Samia mwezi wa Julai 1998, akiwa na cheti cha kupiga chapa na barua ya kazi ya mwezi mmoja. Alipaswa kuchapa mitihani ya shule za msingi kisha aende zake. Mwezi huo haujaisha mpaka leo. Alipiga taipu hadi herufi za mashine zikafutika, na mwaka 2001 kompyuta ya kwanza ilipoletwa, yeye ndiye aliyeiwasha. Kila Ijumaa jioni aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama runinga ya sebuleni, na Jumatatu aliifunua kabla hata ya kuvua koti.

Yaliyopita mikononi mwake hayana hesabu: vitabu vya nyimbo, kadi za kliniki, vyeti vya shule, lebo za asali. Ni yeye aliyesimamisha kalenda ya kanisa iliyokuwa na tarehe 31 Juni, wakati Laban wa mtambo ameshaweka karatasi na anataka tu kuambiwa aanze. Laban anakiri kwamba asingeona. Hata waumini wenyewe, anasema, wangefunga na kuomba siku hiyo bila kuuliza.

Lakini ukitaka kumjua Mama Shantel, njoo uione meza yetu.

Kwenye meza hiyo kuna kompyuta mbili. Moja tunaiita Mzee. Ni ya zamani, inanguruma, na ndiyo pekee inayoelewana na mtambo wa kuchapia. Tulijaribu kuibadilisha mara mbili, mtambo ukagoma. Ya pili ni Kijana, iliyonunuliwa mwaka ule mwandishi alipoajiriwa. Kijana ana rangi na picha, lakini ukimwambia azungumze na mtambo anakutazama tu. Mama Shantel alikalia Mzee, mwandishi akakalia Kijana. Mwaka 2016 mkurugenzi wetu, Bwana Waswa, akatoka soko la Kibuye na skrini tatu za mitumba zilizofungwa kwa kamba ya katani, akazipanga mezani na kusema tugawane.

Tatu kwa wawili. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Ya kushoto ilikuwa na ukijani fulani uliofanya kila bibi harusi aonekane ana malaria, kwa hiyo ilipewa Mzee, ambaye kazi yake ni maandishi. Ya kulia ilikwenda kwa Kijana. Ya katikati ndiyo ilikuwa kubwa, safi, yenye rangi za kweli, na kila mtu aliitaka. Mwezi wa kwanza kila mmoja alikuwa akichomoa waya wa mwenzake na kuchomeka wake. Mwandishi, akiwa mgeni na mwenye haraka, aliuchomoa wakati Mama Shantel yuko katikati ya aya. Hakupigiwa kelele. Aliulizwa tu, kwa upole kabisa, "Calvince, kwani hii skrini ulikuja nayo kutoka kwenu?" Mwandishi alirudisha waya mwenyewe.

Bwana Waswa alipochoka kusikia kesi za skrini, alinunua kisanduku kidogo chenye kitufe kimoja. Waya za kompyuta zote mbili ziliingia humo, na skrini ya katikati, pamoja na kibodi na kipanya vilivyokaa mbele yake, vikatoka upande wa pili. Ukibonyeza, vyote vinahamia kwa Mzee. Ukibonyeza tena, vinahamia kwa Kijana. Kisanduku hakina taa wala sauti. Hakikwambii uko kwa nani.

Kwa hiyo Mama Shantel akatunga sheria. Anayetaka katikati hugonga meza mara mbili. Mwenzake huinua mikono yote miwili juu, aonyeshe kwamba hagusi kitu, ndipo kitufe kibonyezwe. Anayemwachia mwenzake naye hugonga mara mbili kabla ya kubonyeza. Wateja walioingia na kukuta watu wazima wawili wamekaa ofisini, mmoja ameinua mikono kama aliyevamiwa, walirudi mlangoni kwanza. Mama mmoja wa mtaa wa Manyatta aliuliza kama ni maombi, akasema hata yeye ana ombi lake.

Sheria hiyo ilivunjwa mara moja tu katika miaka yote hii. Ilikuwa mwaka 2018, Ijumaa, na kila mwenye duka la uchapaji Kisumu anajua Ijumaa ilivyo: mazishi ni Jumamosi, harusi ni Jumamosi, na wote wanataka programu leo. Kwa Mzee kulikuwa na programu ya mazishi ya mzee mmoja wa Pap Onditi. Kwa Kijana kulikuwa na programu ya harusi. Familia zote mbili, bila kujuana, zilikuwa zimechagua kutoka kwenye kitabu chetu cha sampuli pambo lile lile la zambarau na dhahabu.

Kilichofuata kimo katika faili la Mama Shantel, katika barua ya onyo aliyoandikiwa wiki ile. Barua inasema kwamba alibonyeza kitufe vibaya, akaandika mstari wa harusi ndani ya programu ya mazishi, na nakala mia tatu zikachapwa. Mstari wenyewe, uliokaa chini kidogo ya kushusha jeneza kaburini, ulisomeka: "Saa saba mchana: Kukata keki na kulishana."

Celestine, binti wa marehemu, ndiye aliyeuona, saa nane, akiwa amesimama kaunta na mazishi ni kesho. Bwana Waswa alitoka ofisini kwake, akausoma mara mbili. "Hii ni matanga ama ni harusi?" aliuliza. Mama Shantel akasimama. "Ni mimi, Bwana Waswa. Nilibonyeza vibaya. Nipe saa moja." Alichukua dakika arobaini. Laban alichapa ukurasa upya, sote tukakunja, na kila nakala ikapita mbele ya miwani yake kabla ya kuingia boksini. Celestine alipokuwa akiondoka aliomba apewe moja ya zile zilizoharibika. "Baba alikuwa anapenda keki, aki," alisema, na hapo ndipo alipocheka, machozi bado yakimtoka.

Sasa mwandishi anaomba kurekebisha rekodi.

Mama Shantel hakuwa mezani. Alikuwa amemaliza kuusoma ukurasa wa mazishi, ukiwa hauna kosa hata la nukta. Akagonga meza mara mbili, akabonyeza kitufe ili amwachie mwandishi skrini, akaenda kaunta kumsaidia mteja. Mwandishi hakusikia kugonga. Alikuwa na simu sikioni, mpira unaendelea, na macho yake yalikuwa kwenye skrini ya kulia. Naye akabonyeza, bila kugonga, akidhani anaichukua skrini ambayo tayari alikuwa amepewa. Skrini ikarudi kwa Mzee. Alipogeuka akaona zambarau, akaona dhahabu, akaona ratiba iliyokuzwa hadi jina la mtu halionekani, akaandika keki. Akahifadhi, na Laban akauchapa ukurasa akijua umeshasomwa. Akarudi kwenye mpira.

Wakati ule mwandishi alikuwa na barua mbili za onyo, moja ya kuchelewa na nyingine ya mpira huo huo. Kila mtu hapa anajua kwamba ya tatu ni kwenda nyumbani. Alikuwa na mtoto wa wiki tano. Mama Shantel alijua yote hayo. Mwandishi alipofungua mdomo mbele ya Bwana Waswa, alikanyagwa mguu chini ya meza, na kiatu cha Mama Shantel, wanaokijua wanakijua. Baadaye alipojaribu kumshukuru, aliambiwa, "Wewe lea mtoto. Na uweke simu mbali." Basi. Hakuligusia tena kwa miaka saba.

Mwandishi hakujua bei ya wema ule mpaka mwaka 2023. Pale kaunta kuna ubao wa mninga wenye majina mawili, ya wafanyakazi waliotimiza miaka ishirini na mitano bila barua ya onyo. Julai ile Mama Shantel alitimiza miaka ishirini na mitano, na fundi wa kuchonga majina hakuitwa. Aliendelea kuupangusa ubao ule kila asubuhi kwa kitambaa kile kile anachopangusia skrini, akauacha uking'aa, akaja kuketi. Mwandishi alimwona akifanya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili na akanyamaza. Aliona aibu, na bado anaona.

Huu ndio ukurasa wa kwanza kutoka Ufuo Printers bila Mama Shantel kuusoma. Haikuwa rahisi. Wiki mbili nzima mwandishi ameuandika kwenye skrini ya kulia, akiwa ameigeuza ukutani kwa kisingizio cha jua, na kila alipogongewa meza aliinua mikono haraka kuliko kawaida. Angeuona, angeipiga kalamu nyekundu sehemu yote ya katikati na kuandika pembeni: haihitajiki. Mama, inahitajika.

Bwana Waswa, barua ile itolewe kwenye faili la Agneta Wesonga na kuwekwa kwenye faili la Calvince Ouma. Mwandishi amehesabu, na anajua ni ya tatu. Fundi wa kuchonga naye ameshapigiwa simu. Jumatatu asubuhi atakuwa kaunta akingoja neno lako.

Mama Shantel anakwenda Samia, kwenye shamba lake la mihogo na kuku ambao tayari ameshawapa majina. Bintiye Shantel amemnunulia runinga, moja, yake peke yake, isiyogawanywa na mtu. Mama, asante kwa miaka ishirini na saba, kwa makosa yote uliyoyaona na lile moja uliloamua kulibeba. Mungu akupe macho mazuri, mvua ya wakati wake, na majirani wanaobisha hodi kabla ya kuingia. Kuanzia Jumatatu mwandishi hana wa kugombania naye skrini ya katikati. Kwa miaka tisa mwandishi aliitamani iwe yake peke yake, na sasa haitaki hivyo hata kidogo.

Hata hivyo sheria ni sheria. Wakati unausoma mstari huu ukumbini, kwenye sherehe ya kukuaga, mwandishi yuko hapo kushoto kwako, na amegonga meza mara mbili. Inua mikono, Mama. Barua ile ni yangu.